Jina la bendi hutoka wapi, na huwa lenu lini

Msomaji wa Dar es Salaam anauliza: "Tuko sita, tunapiga dansi: solo, rizimu, besi, kinanda, dramu na mwimbaji. Mpaka sasa tumekuwa tukipiga kopi, lakini tuna nyimbo zetu nne na tunataka kuzirekodi. Tumebishana miezi miwili kuhusu jina na tumebaki na matatu: Golden Stars, Dar Six na Chapuo. Bendi kongwe zilipataje majina yao, mbona nyingi zinaitwa Jazz na hazipigi jazz, na tufanye nini ili jina lisije likatuponyoka?"

Naanza na sehemu ya mwisho ya swali, kwa sababu ndiyo inayofungua hizo nyingine. Katika muziki wetu wa dansi, jina la bendi kwa kawaida halikuwa la wanamuziki. Lilikuwa la mwenye vyombo. Aliyenunua magitaa, amplifaya, spika na dramu, awe chama, kiwanda, jeshi, shirika au tajiri mwenye ukumbi, ndiye aliyechagua maneno ya kuandikwa kwenye ngozi ya dramu kubwa. Mwanamuziki akihama alitoka na sauti yake na vidole vyake, basi. Lakini wapenzi nao walikuwa na jina lao, la mtindo, yaani la namna bendi hiyo inavyopiga na inavyochezwa, na hilo halikuwa kwenye hati yoyote. Ukitaka kuelewa majina ya bendi za Tanzania, tazama mvutano kati ya hayo mawili: jina la mwenye mali na jina la wapenzi.

Tulipasue moja tuone ndani. DDC Mlimani Park Orchestra, "Sikinde Ngoma ya Ukae". DDC ni Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, mwenye vyombo. Mlimani Park ni baa, mahali bendi ilipokuwa ikipiga. Orchestra inasema ni kundi la aina gani, na neno lenyewe limevaa nguo za Kikongo, maana Wakongo walifuata Kifaransa wakaita kila bendi yao "orchestre". Sikinde ni ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa Dar es Salaam na vitongoji vyake, na "ukae" ni nyumbani. Kwa hiyo jina zima linakuambia mali ya nani, linapigwa wapi, ni kitu gani, na linachezwaje. Sasa angalia kipi kilidumu. Bendi ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, TTTS. Mwaka 1983 ikachukuliwa na DDC, na herufi za mbele zikabadilika. Mpenzi wa dansi hakujali. Alikuwa anakwenda Sikinde, na hata leo ukimuuliza mtu mzima wa Ilala au Magomeni atakwambia Sikinde, wala hatataja shirika.

Kwa Msondo mambo yalikuwa wazi zaidi. Bendi iliundwa mwaka 1964 ikiwa mali ya chama cha wafanyakazi, NUTA, ikaitwa NUTA Jazz Band. Mwishoni mwa miaka ya 1970 chama kikawa Jumuiya ya Wafanyakazi Tanzania, na bendi ikawa Juwata Jazz. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 chama kikabadilika tena kuwa OTTU, bendi nayo ikafuata. Majina matatu ya karatasi, na kila mara bango lilipakwa rangi upya. Muda wote huo mtindo uliitwa Msondo, jina la ngoma ndefu ya pwani. Chama kilipojitoa, wanamuziki hawakuhitaji kutafuta jina jipya. Walichukua lile ambalo watu walikuwa wakilitaja siku zote, wakawa Msondo Ngoma. Ndiyo maana nasema jina la mtindo lilikuwa akiba, ingawa hakuna aliyeliweka kwa nia hiyo.

Jamii hii ya majina ya mwenye mali ni kubwa kuliko zote, na ukishajua ufunguo wake unaisoma bila shida. Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo cha Urafiki. Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima. Vijana Jazz ni ya Umoja wa Vijana. Tancut Almasi ya Iringa ilikuwa ya kampuni ya kukata almasi. Polisi Jazz haihitaji maelezo, na Mwenge Jazz ni ya Jeshi la Wananchi. Faida yake kwa mwanamuziki ilikuwa mshahara wa mwezi na vyombo vizuri. Hasara yake ni kwamba shirika likifilisika, au likipata meneja asiyependa muziki, bendi inakufa ikiwa bado na wapenzi, na jina linabaki kwenye kabati la ofisi.

Kabla ya mashirika kulikuwa na majina ya mahali, na hapa watu wengi hukosea. Wanadhani Kilwa Jazz ilikuwa Kilwa na Western Jazz ilikuwa Tabora. Zote mbili zilikuwa Dar es Salaam. Kilwa Jazz ilikuwa ya Ahmed Kipande, mtu wa Kilwa, na Western ilibeba Jimbo la Magharibi la enzi za ukoloni, yaani watu wa Tabora na kwingineko walioingia mjini. Jina la mahali lilikuwa halisemi "tunapiga hapa". Lilisema "sisi ni wa kule", na wa kule walioko mjini walijua wapi pa kwenda Jumamosi. Morogoro Jazz na Tabora Jazz, kwa upande mwingine, zilikuwa kwenye miji yao kweli. Kwa hiyo ukikuta jina la mji kwenye bendi kongwe, usilichukue kuwa anwani mpaka uhakikishe.

Kuhusu neno Jazz. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na wakati huo neno hilo lilifika huku likiwa na maana ya bendi ya kisasa ya dansi: tarumbeta, saksofoni, banjo, dramu, watu wamevaa suti. Halikumaanisha mtindo wa Wamarekani wa kupiga kwa kubuni papo hapo. Magitaa ya umeme yalipoingia na rumba ikashika, neno lilibaki palepale likimaanisha "bendi ya vyombo", tofauti na ngoma ya asili au taarabu. Kongo ilikuwa vilevile: OK Jazz ya mwaka 1956 ilichukua herufi zake kwenye baa iliyoitwa O.K. huko Kinshasa, ambayo wakati huo ilikuwa Léopoldville, na haikupiga jazz ya Kimarekani hata usiku mmoja. Ukiita bendi yako Jazz leo, mzee atakuelewa. Kijana wa miaka ishirini na mtu wa nje watakuja na matarajio mengine. Mimi ningeliacha.

Cuban Marimba Band ya Salum Abdallah, Morogoro, ni somo tofauti. Haikuwa ya Wakuba. Kuanzia mwaka 1933 santuri za Kikuba za mfululizo wa GV zilianza kuuzwa Afrika, na rumba na son zikawa ndiyo alama ya mtu wa mjini. Kujiita Cuban kulikuwa ni kusema "tumesikia ya huko nje na tunayaweza". Kila zama ina neno lake la namna hiyo. Baadaye likawa "Afro", kama Afro 70 ya Patrick Balisidya. Neno la zama hupendeza sana mwaka wa kwanza, na namba ya mwaka ndiyo inayozeeka haraka kuliko yote.

Taarabu ina njia yake. Nadi Ikhwan Safaa ya Unguja, iliyoundwa mwaka 1905, ilichukua jina la Kiarabu lenye maana ya klabu ya ndugu wenye nyoyo safi, kwa sababu ilikuwa klabu kwanza, na muziki ulikuwa sehemu ya kukutana. Lakini watu wa mjini waliiita Malindi, jina la mtaa wao. Unaona tena: jina la heshima kwenye katiba, jina la mtaa mdomoni. Kwaya nazo hufuata kanuni ya kanisa, mtaa na idara, kama Uinjilisti Kijitonyama au AIC Makongoro Vijana. Halipendezi kwenye bango, ila halimpotezi mtu anayetafuta. Na vijana wa bongo fleva walirudi kwenye mtaa na kabila bila hata kujua wanarudi: Wanaume TMK ni Temeke, na Wagosi wa Kaya wa Tanga ni "wanaume wa nyumbani". Wagosi ni Kisambaa, na hiyo "kaya" ni ndugu wa "ukae" wa Sikinde.

Sasa nije kwenye migawanyiko, maana huko ndiko majina mengi ya bendi yanakozaliwa, na ndiko mnakoweza kuumia. Bendi ikigawanyika, jina hupasuka kwa njia zisizozidi tatu au nne.

Njia ya kwanza: wanaotoka wanabeba mkia na kubadilisha kichwa. Ndugu wawili Kinyonga kutoka Tanga, Wilson na George, waliunda Simba Wanyika Nairobi mwaka 1971. Mwaka 1978 wenzao walipojitoa wakajiita Les Wanyika, na baadaye Issa Juma akawa na Super Wanyika. Nyika ikabaki, simba akaondoka. Hiyo "Les" ni Kifaransa, imebandikwa na Watanzania wanaoimba Kiswahili safi jijini Nairobi, kwa kuwa Kikongo ndicho kilichokuwa kikiuza. Kisarufi ni kichekesho, kibiashara ilikuwa akili.

Njia ya pili: neno la kudai uhalali. Orchestra Maquis du Zaïre ya kutoka Kongo iliishia kuwa Maquis Original. Wanaume TMK walipogawanyika, upande mmoja ukawa TMK Wanaume Family na mwingine Wanaume Halisi. Original na Halisi ni neno lilelile, na ukiliona kwenye jina la bendi jua kuna mwingine mahali fulani anayedai vivyo hivyo. "New" na "Super" mara nyingi ni ndugu zake.

Njia ya tatu: mwenye mali mpya ananunua watu. Mwaka 1985 mwenye Orchestra Safari Sound aliwachukua wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, mwimbaji Muhiddin Maalim akiwemo, akaunda International Orchestra Safari Sound, mtindo Ndekule. Walioondoka walikuwa nguzo, lakini hawakuondoka na neno Sikinde. Mlimani Park ikajaza nafasi, na wapenzi wakaendelea kwenda Sikinde.

Na mara chache sana, nyota huanza upya kabisa. Mbaraka Mwinshehe alipotoka Morogoro Jazz mwaka 1973 hakubeba hata silabi moja. Aliunda Super Volcano. Angeweza kwa sababu jina lake mwenyewe lilikuwa kubwa kuliko la bendi. Kwa watu sita ambao hawajarekodi, njia hiyo msiitegemee.

Kabla ya kufika kwenye kazi yenu, tazama majina ya mitindo yaliyodumu kwa sikio badala ya jicho: Msondo, Sikinde, Ndekule, Saboso ya Western, Kiweta ya Atomic ya Tanga, Afrosa ya Afro 70. Halafu Kamanyola ya Maquis, Pambamoto ya Vijana, Vangavanga ya Polisi, Paselepa ya Mwenge. Kundi la kwanza silabi tatu, la pili nne. Yote yanaishia kwa irabu, yote mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili kinavyotaka. Hilo lina sababu. Mwimbaji anahitaji kulitaja jina katikati ya chemko, magitaa yakiwa yamepamba moto, na silabi tatu au nne zinaingia kwenye kipigo kimoja bila kukimbizana. Irabu ya mwisho anaweza kuivuta: "Sikindeee". Jaribu kuvuta "Sound" uone koo linavyoziba. Hata Twanga Pepeta ya African Stars, yenye maneno mawili, imekaa mbili kwa tatu kama mtwangio wenyewe.

Basi nanyi fanyeni majaribio kwa mpangilio huu, na msiruke hatua kwa kuwa mmelipenda jina.

Mpigieni simu mtu asiyejua lolote, mtajieni jina mara moja tu, mwambieni aliandike na awatumie. Rudieni kwa watu kumi. Wakikosea watatu, lina tatizo. Makosa mtakayoyaona yanajulikana: l na r hubadilishana, dh na th huwa z na s kwa wengi, kwa hiyo Dhahabu itakuja Zahabu, na maneno ya Kiingereza huja kwa tahajia nne tofauti. Hilo lilikuwa dogo enzi za bango. Sasa ni kubwa, maana anayeandika vibaya kwenye simu hafiki kwenye wimbo wenu.

Liandikeni kwenye bango la mita 3. Chapuo ina herufi 6, kila moja inapata kama sentimita 50. International Orchestra Safari Sound, ukihesabu na nafasi, ni 36, kila moja inapata kama sentimita 8, na aliye ndani ya daladala haioni. Ndiyo sababu watu waliikata kuwa OSS. Jina refu litakatwa, na watakaolikata si ninyi, kwa hiyo kama mnataka refu, tengenezeni kifupi chake wenyewe mapema.

Kisha litafuteni. Andikeni jina kwenye YouTube, Spotify, Boomplay na Audiomack, kwa tahajia zote ambazo wale watu kumi waliwaletea. Msitafute Tanzania tu. Mfano mzuri ni huohuo wa Safari Sound: Kenya nako kulikuwa na Safari Sound Band, ya muziki wa hotelini kwa watalii, na mpaka leo wanaotafuta nyimbo za moja huangukia za nyingine. Zamani bendi mbili zenye jina moja zilitenganishwa na mpaka na barabara mbovu. Mtandaoni zimekaa kitanda kimoja.

Hapa pana kosa la kiufundi linalowapata wengi kwenye wimbo wa kwanza. Majukwaa hayo ya mtandaoni hupanga nyimbo kwa jina lililoandikwa na msambazaji, yaani kampuni inayowapelekea nyimbo huko. Kama tayari kuna msanii mwenye jina hilo, wimbo wenu unaweza kuingia kwenye ukurasa wake, na mapato na wasikilizaji wenu wakachanganyika na wa kwake. Unapojaza fomu ya msambazaji mara ya kwanza, chagua kwamba ni msanii mpya na uombe ukurasa mpya. Ukishafunguliwa, chukua namba yake ya utambulisho na uitumie kwenye kila wimbo unaofuata. Na mkubaliane tahajia moja. Wana Chapuo, Wanachapuo na Wana-Chapuo kwa kompyuta ni wasanii watatu. Akaunti fungueni siku moja zote, kabla ya kutangaza jina kwa yeyote. YouTube inapokea jina la utambulisho la herufi 3 hadi 30, Instagram haizidishi 30, na hakuna nafasi katikati.

Usajili sasa. Kuna usajili wa aina nne ambao watu huuchanganya, na kila mmoja hufanya kazi yake.

BASATA husajili wasanii na vikundi vya sanaa. Hicho ni kibali cha kufanya kazi ya sanaa, na hakikupi umiliki wa neno.

COSOTA hushughulika na hakimiliki, yaani wimbo, maneno na rekodi. Jina la bendi si kazi ya sanaa kwa maana ya sheria hiyo. Mtu anayewaambia "nimeshalisajili jina COSOTA" ana cheti cha nyimbo zake, jina bado liko wazi.

BRELA husajili jina la biashara kwenye mfumo wake wa mtandao, na mtahitaji namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) za kila mshirika. Faida yake ni kufungua akaunti ya benki na kutoa risiti kwa jina la bendi, na msajili hataruhusu mwingine aandikishe jina linalofanana mno. Hapa ndipo kosa kubwa hutokea: mmoja wenu mwenye muda anakwenda, anajaza fomu peke yake kwa sababu wengine wamechelewa kuleta namba, na kwenye kumbukumbu yeye ndiye mwenye biashara. Mwaka wa tatu mkigombana, ninyi watano ni waajiriwa wake. Andikeni majina sita siku ileile au msiandike kabisa.

Kinacholinda jina lenyewe ni alama ya biashara na huduma, nayo pia huombwa BRELA, chini ya sheria yake mbali na ile ya majina ya biashara. Ombi linakwenda kwa daraja. Daraja la 41 ni burudani, yaani maonyesho yenu jukwaani. La 9 ni rekodi. La 25 ni nguo, mkitaka kuuza fulana na kofia. Kila daraja lina ada yake, kwa hiyo kama fedha haitoshi anzeni na 41, halafu 9. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida, na mwenye pingamizi ana siku 60. Likipita, ulinzi ni miaka 7 ya mwanzo, kisha mnahuisha kwa miaka 10 kila mara. Hiyo ni Tanzania Bara tu. Zanzibar ina wakala wake, BPRA, na alama iliyosajiliwa Bara haivuki maji. Kenya mwende KIPI, ofisi ya alama ya huko. Jina linaloeleza tu bidhaa, kama Muziki Mzuri Band, au jina tupu la mji, ni gumu kusajilika kwa kuwa sheria haitaki mtu mmoja amiliki neno ambalo kila mtu analihitaji.

Lakini cheti bila mkataba wa ndani hakitoshi, maana migogoro mingi ya majina hutoka ndani. Ukurasa mmoja unatosha. Kipengele cha jina kinaweza kusomeka hivi: "Jina, mtindo, nembo na akaunti zote za mtandaoni ni mali ya wanachama wote kwa pamoja. Anayetoka, kwa hiari au kwa kuondolewa, anaacha jina siku hiyo. Anaweza kujitangaza kama aliyekuwa mwanachama kwa miezi 12, jina la bendi likiwa kwa herufi zisizozidi nusu ya ukubwa wa jina lake. Bendi ikivunjika, hakuna atakayetumia jina bila saini za wanne kati ya sita." Wanne, kwa sababu mko sita na mkigawanyika watatu kwa watatu pande zote mbili zitajiita Halisi. Nusu ya ukubwa wa herufi, kwa sababu ujanja wa kawaida ni bango lenye jina la bendi kubwa na "aliyekuwa wa" ndogo kama sisimizi. Na mtajeni "mtindo" kwa jina lake, msiseme jina la bendi tu. Historia niliyoeleza hapo juu inaonyesha ni lipi litakalokuwa na thamani. Neno la siri la akaunti liwe kwa watu wawili, si mmoja. Akija mdhamini, akitaka jina lake mbele, mpeni nafasi mbele kwa muda wa mkataba, kama DDC ilivyokuwa mbele ya Mlimani Park, ila isomeke wazi kwamba likitoka lake, lenu linabaki zima.

Sasa matatu yenu.

Golden Stars liacheni. Stars zimejaa taarabu, dansi na timu za mpira, mtatafutwa mkakosekana, na msajili wa alama atawaonyesha mlolongo wa wanaofanana nanyi.

Dar Six lina kasoro mbili kwa maneno mawili. Akiondoka mpiga kinanda mtakuwa watano mnaojiita sita, au mtalazimika kuchukua mtu yeyote ili hesabu itimie. Na Dar linawafunga siku mkipata kazi ya kudumu Mwanza. Zaidi ya hapo, mwimbaji hawezi kulivuta.

Chapuo ndilo. Ni ngoma ndogo, kwa hiyo linakaa ukoo mmoja na Msondo bila kuiga. Silabi tatu, irabu mwishoni, herufi sita, halina l wala r wala dh. Lina tatizo moja tu, la kutafutwa. Kiswahili cha magazeti kina "kumpigia mtu chapuo", yaani kumnadi au kumuunga mkono, kwa hiyo atakayeandika neno hilo peke yake kwenye intaneti atapata wagombea na makocha wanaopigiwa chapuo kabla hajawapata ninyi. Ongezeni neno la pili la kudumu kwenye tahajia rasmi, silabi mbili au tatu, lisiwe Band wala Sound wala Original. Jukwaani mwimbaji aendelee kusema Chapuo tu. Na usemi huo wa magazeti msiukimbie: kibwagizo cha "tupigieni chapuo" kimeshakaa tayari kwenye midomo ya watu, kinasubiri gitaa la rizimu.